Picha za meli za kitalii: Unalipia karatasi au kumbukumbu?

Na Mwandishi Wetu

NI usiku wa mwisho wa safari ya siku saba katika Bahari ya Karibi. Mabegi yamekwishafungwa na kuwekwa nje ya milango ya vyumba, na kesho alfajiri meli itatia nanga Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Hata hivyo, katika ghorofa moja ya meli hiyo watu bado wamejipanga foleni. Hawasubiri chakula wala muziki. Wanatafuta sura zao.

Ukutani, kwenye makabati na kwenye skrini zimepangwa picha kwa maelfu: watoto wakikumbatia boya la kuokolea, bibi na babu wakiwa wamevaa nguo za heshima, vijana waliofunga ndoa juzi wakiegemea ngazi ya marumaru. Kila picha ina bei, na kwa picha moja ya ukubwa wa inchi 8 kwa 10, bei hiyo aghalabu huwa kati ya dola 20 na 30 za Marekani.

Hapo ndipo baba au mama wa familia husimama akiishika picha mkononi na kujiuliza: Je, karatasi hii moja ina thamani ya fedha zote hizo? Akiiacha, hana hakika ya kuiona tena, kwa kuwa picha zilizochapwa zisiponunuliwa huharibiwa safari inapokwisha. Akiichukua, atakuwa amelipa mara kadhaa ya kile ambacho angelipa katika studio yoyote ya mtaani.

Makala haya yanaeleza biashara hiyo inavyoendeshwa, kwa nini bei zake ziko juu, na ni wakati gani msafiri hupata thamani ya fedha yake.

Biashara ndani ya biashara

Utalii wa meli ni sekta kubwa. Kwa mujibu wa CLIA, chama cha kimataifa cha kampuni za meli za kitalii, mwaka 2023 abiria milioni 31.7 walisafiri kwa meli hizo. Idadi hiyo iliipita ile ya mwaka 2019, ambayo ilikuwa milioni 29.7, kabla ya janga la UVIKO-19 kuzisimamisha meli nyingi duniani mnamo Machi 2020.

Wengi hudhani kwamba kampuni za meli huishi kwa nauli. Ukweli ni kwamba nauli ni mwanzo tu. Mwaka 2019 kampuni ya Royal Caribbean ilipata mapato ya karibu dola bilioni 11. Kati ya hizo, takriban dola bilioni 3.1, yaani zaidi ya robo, hazikutokana na tiketi bali na matumizi ya abiria ndani ya meli na mapato mengineyo.

Katika fungu hilo la matumizi ya ndani mna vinywaji, michezo ya kamari, maduka, huduma za urembo, intaneti, matembezi ya nchi kavu, na picha. Picha si fungu kubwa kuliko yote, lakini zina sifa moja ambayo bidhaa nyingine hazina: mnunuzi wa picha ni mmoja tu duniani. Chupa ya mvinyo isiyouzwa leo itauzwa kesho kwa mwingine. Picha ya familia yako haina mteja mwingine.

Jambo la pili la kuelewa ni namna ya kulipa. Ndani ya meli hizi fedha taslimu hazitumiki sana. Abiria hupewa kadi au kifaa kinachofungua mlango wa chumba chake na pia kurekodi kila anachonunua. Deni lote hulipwa mwisho wa safari. Kwa hiyo dola 25 za picha ya Jumatatu hazisikiki mfukoni siku hiyo. Husikika Jumapili, zikiwa zimejumlishwa na nyingine nyingi.

Kutoka chumba chenye giza hadi skrini

Kazi ya mpiga picha wa meli si ya jana. Kwa miongo mingi ilikuwa kazi ya kemikali na giza. Mpiga picha alipiga mchana, kisha usiku akajifungia katika chumba cha kusafishia filamu ili asubuhi picha ziwe ukutani. Kazi hiyo ilifanyika meli ikiyumba na mawimbi, maji yenye dawa yakitikisika ndani ya matangi.

Kazi hiyo ilijulikana kiasi cha kuingia katika burudani. Tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo The Love Boat, iliyorushwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1986 na kuutangaza sana utalii wa meli, katika miaka yake ya mwisho ilikuwa na mhusika ambaye ni mpiga picha wa meli, aliyeigizwa na Ted McGinley.

Usafishaji wa filamu ulikuwa na gharama isiyoonekana na abiria. Dawa iliyotumika ilibaki na madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Sheria za Marekani huhesabu taka zenye zaidi ya miligramu 5 za fedha kwa lita moja kuwa taka za hatari, na taka za kusafishia picha zilikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2008 kuhusu meli za kitalii.

Kamera za dijitali ziliiondoa sehemu kubwa ya kemikali hizo. Mwanzoni mambo mengine yalibaki vilevile: picha zote zilichapwa, zikabandikwa, na abiria akazunguka ukumbini akizitafuta zake. Baadaye zikaja skrini. Abiria aliweka kadi yake na kuona picha zake pekee. Siku hizi meli kadhaa hutumia programu ya kompyuta inayotambua sura, hivyo picha hujipanga zenyewe katika akaunti ya mhusika, na wengine huziona kwenye simu zao.

Mabadiliko hayo yamepunguza karatasi zinazotupwa. Hayajapunguza bei.

Piga kwanza, uza baadaye

Msomaji aliyewahi kuhudhuria mahafali ya chuo au harusi kubwa jijini anaujua mtindo huu. Mpiga picha hakuagizwa na mtu. Hupiga watu wanapoingia, na wakati wa kutoka unaikuta sura yako imetandazwa kwenye ngazi, nawe unaulizwa kama utaichukua. Meli za kitalii hufuata mtindo huohuo, ila kwa mpangilio wa kiwanda.

Picha ya kwanza hupigwa siku ya kupanda meli. Abiria akiwa bado na mkoba begani husimamishwa mbele ya pazia lililochorwa meli. Picha hiyo isichanganywe na ile ya usalama inayopigwa wakati wa kuandikishwa. Ile ya usalama ni ya lazima, haina malipo, na hutumika kumtambua abiria anapotoka na kurudi. Ile ya pazia ni ya biashara na mtu anaweza kuikataa.

Picha za pili ni za bandarini. Meli inapotia nanga, mpiga picha husimama chini ya ngazi akiwa na boya lenye jina la bandari, mara nyingine akiwa na mwenzake aliyevaa kama haramia au pomboo. Meli zinazopita pwani ya Afrika Mashariki na kutia nanga Mombasa au Zanzibar ni za sekta hiyohiyo, na abiria wao wameuzoea utaratibu huo kabla hawajafika kwetu.

Picha za tatu ni za mezani. Wakati wa chakula cha usiku mpiga picha hupita kutoka meza moja hadi nyingine. Za nne, ambazo ndizo zinazonunuliwa kwa hamu zaidi, ni za usiku wa mavazi rasmi. Katika safari ya siku saba, kampuni nyingi za daraja la kati huwa na usiku mmoja au miwili ya aina hiyo. Wanaume huvaa suti, wanawake magauni marefu, na kila kona yenye nafasi huwekewa taa na pazia.

Mwisho ni studio ya picha za kisanii, ambayo ipo katika baadhi ya meli. Kikao chenyewe mara nyingi hakilipiwi na mpiga picha hutumia muda mrefu na familia moja. Bei hutajwa baadaye picha zinapoonyeshwa. Hapo dola 25 husahaulika, kwa kuwa seti moja inaweza kufikia dola mamia kadhaa, na nyingine kuzidi 1,000. Anayeingia huko aulize bei kabla ya kuketi, si baada ya kuziona picha.

Bei zilivyo

Bei hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, meli na meli, na hata safari na safari. Hata hivyo, kwa meli za daraja la kati zinazosafiri kutoka Marekani picha imewekwa katika viwango vinavyokaribiana.

Picha moja iliyochapwa, kama ilivyoelezwa, huwa dola 20 hadi 30. Picha moja ya dijitali, isiyo na karatasi, mara nyingi huuzwa kwa bei hiyohiyo au inayokaribia hapo. Vifurushi vyenye idadi maalumu ya picha, au picha zote za dijitali za chumba kimoja, aghalabu huanzia dola 150 na vinaweza kupita 400 kwa kutegemea urefu wa safari na kampuni husika.

Kampuni kadhaa huuza vifurushi hivyo kwa punguzo kabla ya safari, kupitia tovuti zao. Punguzo hilo ni la kweli, lakini lina mtego wake: msafiri hulipia picha ambazo bado hazijapigwa, asijue kama watoto watatulia au kama mwenzi wake atakubali kusimama mbele ya kamera.

Linganisha na nchi kavu. Katika maduka ya kawaida ya Marekani, kuchapa picha ya inchi 8 kwa 10 kutoka kwenye faili lako mwenyewe hugharimu dola chache tu. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya abiria wengi waseme wanaibiwa. Je, ni kweli?

Kwa nini ni ghali?

Sababu ya kwanza ni picha zisizouzwa. Tuchukulie mfano wa hesabu tu: meli ina abiria 3,000 na kila mmoja anaonekana katika picha 10. Hizo ni sura 30,000 kwa safari moja. Hata kama picha moja ina watu watatu, zimepigwa picha 10,000. Ikiwa moja katika kila kumi itanunuliwa, ile moja italazimika kubeba gharama za zile tisa: muda, vifaa, wino na karatasi palipochapwa.

Meli zenyewe zimezidi kukua. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024, ina nafasi ya abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa kila chumba, na inaweza kubeba hadi 7,600. Huo ni mji mdogo unaoelea, na kila mkazi wake hupigwa picha.

Sababu ya pili ni mgawanyo wa mapato. Katika baadhi ya meli, idara ya picha si ya kampuni ya meli bali ya kampuni ya nje iliyopewa zabuni. Hiyo hulazimika kugawana mapato na mwenye meli. Bei anayolipa abiria hulisha wawili.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kukosekana kwa ushindani. Katikati ya bahari hakuna studio ya pili. Aliyekuuzia picha ndiye mwenye kamera, mwenye ukumbi, na mwenye saa ya kufunga. Mteja hana pa kwenda, na muda wake unahesabika. Bei ya bidhaa katika soko la namna hiyo haipangwi na gharama ya kuitengeneza, bali na uchungu wa kuikosa.

Aliye nyuma ya kamera

Abiria anapokasirikia bei, hasira yake humwangukia kijana aliyesimama ukumbini. Ni vyema ikafahamika kwamba huyo si mpangaji wa bei.

Wapiga picha wa meli ni mabaharia walioajiriwa kwa mikataba ya muda, ambayo mara nyingi huwa ya miezi 6 hadi 9. Hutoka nchi nyingi duniani, zikiwamo Ufilipino, India, Afrika Kusini na za Ulaya Mashariki. Hufanya kazi siku zote saba za juma, kwa zamu zinazokatwakatwa: alfajiri bandarini, mchana ukumbini wakiuza, jioni mezani, na usiku mbele ya mapazia. Kama mabaharia wengine, hupata mafunzo ya usalama na huwa na wajibu wao dharura inapotokea.

Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 20, 2013, umeweka mipaka. Nchi inayosajili meli huchagua kimoja kati ya vipimo viwili: ama kazi isizidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma, ama mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na saa 77 kwa juma. Mipaka yenyewe inatosha kuonyesha jinsi kazi za melini zilivyo ndefu.

Malipo yao kwa kawaida huwa na sehemu ya mshahara na sehemu ya kamisheni, nayo kamisheni hutegemea mauzo. Ndiyo sababu mpiga picha huyohuyo atakusimamisha mara tano katika jioni moja. Kila ukisema "hapana, asante," hupungukiwa nafasi moja ya kufikia lengo alilowekewa. Kukataa ni haki ya abiria. Kukataa kwa heshima hakuongezi bei ya kitu chochote.

Simu ya mkononi imeubadili mchezo

Zamani hoja ya mpiga picha ilikuwa rahisi: yeye alikuwa na kamera nzuri, abiria alikuwa na ya kawaida au hakuwa nayo kabisa. Tangu simu zenye kamera nzuri zisambae, hasa baada ya iPhone ya kwanza kutoka mwaka 2007, hoja hiyo imedhoofika. Leo karibu kila abiria ana kamera mfukoni, na machweo ya jua hayamlipishi mtu.

Kwa picha za mandhari, chakula, chumba na matembezi ya bandarini, simu inatosha. Hakuna sababu ya kutoa dola 25 kwa picha ya boya wakati mwanao anaweza kuipiga hatua tatu mbele, tena bila yule haramia.

Lakini kuna mambo mawili ambayo simu haijayamudu vizuri. La kwanza ni mwanga. Ndani ya meli, hasa usiku, mwanga ni hafifu na wa rangi nyingi. Mpiga picha wa kazi ana taa za studio zilizopimwa, na hapo ngozi ya kila mtu, mweusi kwa mweupe, huonekana ilivyo. Familia zenye watu wa rangi ya kahawia iliyokolea huijua tofauti hiyo, kwa kuwa picha za haraka za simu gizani mara nyingi huacha meno na macho tu.

La pili ni zito zaidi, na halihusu mitambo.

Nani hayumo katika picha?

Fungua albamu ya familia yoyote. Hesabu mtoto ametokea mara ngapi, kisha hesabu mara ngapi ametokea yule aliyekuwa akipiga picha. Katika nyumba nyingi mzazi mmoja ameonekana mara chache mno, si kwa sababu hakuwapo, bali kwa sababu alikuwapo kila siku akiwa upande wa pili wa kamera.

Picha ya kujipiga kwa mkono ulionyooshwa haitibu tatizo hilo. Huwaminya watu, hukata wazee waliosimama nyuma, na aliyeshika simu huonekana bega na pua. Kumwomba mpita njia ni bahati nasibu.

Hii ndiyo bidhaa halisi inayouzwa katika ukumbi ule: familia nzima, wote wakiwa wamesimama, wote wamevaa vizuri, wote wakitazama upande mmoja. Familia nyingi hupanda meli kwa sababu maalumu, kama vile miaka 50 ya ndoa, kustaafu, au ndugu waliotawanyika kukutana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Katika safari kama hizo hakuna anayejua ni nani hatakuwapo mkusanyiko utakapofanyika tena.

Historia ya bahari ina ushahidi wa jinsi thamani ya picha inavyoweza kuchelewa kuonekana. Aprili 10, 1912, Francis Browne, kijana wa Kiayalandi aliyekuwa akisomea upadri katika shirika la Wajesuti, alipanda Titanic huko Southampton nchini Uingereza kwa tiketi aliyozawadiwa na mjomba wake askofu. Alikuwa na kamera. Alipiga picha za abiria wakitembea sitahani na za vyumba vya meli. Kesho yake alishuka Queenstown, bandari ya Ireland ambayo leo huitwa Cobh. Tajiri mmoja wa Kimarekani na mkewe walikuwa wamejitolea kumlipia nauli hadi New York, lakini mkuu wake wa shirika alikataa.

Siku nne baadaye Titanic ilizama na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Picha ambazo siku ya kupigwa zilikuwa za kawaida kabisa zikawa miongoni mwa kumbukumbu chache za maisha ndani ya meli ile. Browne alifariki mwaka 1960, na shehena ya negativu zake iligunduliwa tena mwaka 1985.

Si kila safari ni Titanic, na heri iwe hivyo. Funzo ni kwamba bei ya picha hupangwa siku inapopigwa, lakini thamani yake hupangwa na miaka.

Haki za abiria

Kabla ya kulipa, abiria afahamu mambo manne.

Kwanza, kupigwa picha si kununua. Mtu anaweza kusimama mbele ya kila pazia, akaziangalia picha zote, na kuondoka bila kulipa hata senti. Hakuna deni linalotokana na kupigwa.

Pili, ukinunua karatasi umenunua karatasi, si hakimiliki. Kwa kawaida hakimiliki hubaki kwa kampuni, na kuipiga picha kwa simu ile picha iliyo ukutani hukatazwa. Vifurushi vya dijitali kwa kawaida huja na ruhusa ya kuchapa kwa matumizi binafsi. Hiyo ni tofauti kubwa kwa familia yenye ndugu wengi: faili moja linaweza kuchapwa nakala kumi nyumbani kwa bei ya studio ya mtaani, wakati karatasi kumi za melini ni dola 200 hadi 300.

Tatu, mikataba ya tiketi ya kampuni nyingi ina kifungu kinachoiruhusu kampuni kutumia picha za abiria katika matangazo yake. Wachache hukisoma. Asiyependa aulize mapema.

Nne, utambuzi wa sura ni suala la faragha. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zilizoanza kutumika Mei 25, 2018, zimeziweka taarifa za kimaumbile zinazotumika kumtambua mtu katika kundi linalolindwa zaidi, na moja ya njia za kuruhusiwa kuzitumia ni ridhaa ya wazi ya mhusika. Abiria anaweza kuuliza kama mfumo huo upo, na kama anaweza kujitoa.

Hesabu ya kabla ya safari

Uamuzi mbaya hufanyika usiku wa mwisho, mtu akiwa amechoka, watoto wanalia, na foleni inasukuma. Uamuzi mzuri hufanyika nyumbani, kwa hesabu nyepesi.

Chukua bei ya kifurushi, igawe kwa bei ya picha moja. Kama kifurushi ni dola 250 na picha moja ni dola 25, jibu ni 10. Jiulize: Je, kuna picha 10 ambazo nitazitazama tena baada ya mwaka mmoja? Kwa familia ya watu wawili jibu mara nyingi ni hapana, na picha mbili au tatu za dola 50 hadi 75 zinatosha. Kwa kundi la watu 12 kutoka nyumba nne tofauti jibu linaweza kuwa ndiyo, hasa ikiwa wote watachangia na kugawana faili.

Amua pia ni picha ipi hasa unayoitaka, kisha ifuate badala ya kungoja ikufuate. Usiku wa mavazi rasmi nendeni mapema, kabla ya chakula, watoto wakiwa bado safi na wazee hawajachoka. Mwambie mpiga picha kwamba mnataka ya wote. Zilizobaki zipige kwa simu.

Mwisho, kagueni ukumbi au skrini kila baada ya siku mbili, ili usiku wa mwisho usiwe wa kutafuta bali wa kuchukua. Ulizeni kama picha zinaweza kununuliwa baada ya kushuka. Kampuni kadhaa huruhusu hilo kwa muda mfupi, lakini asiyeuliza asije akalitegemea.

Kwa hiyo, je, picha za melini ni ghali? Kwa kipimo cha karatasi na wino, ndiyo, bila shaka. Picha 20 za boya, pazia na haramia ni fedha iliyotupwa baharini. Lakini picha moja iliyotulia, yenye mwanga mzuri, ambayo ndani yake yumo hata yule ambaye siku zote hushika kamera, ni jambo jingine. Hiyo haina duka la pili, si melini tu, bali popote.